Kamba ya Mkwe

Bwawa la shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, lilikuwa na miti ndani yake. Walipoziba kijito hawakuikata. Maji yakaifunika ikiwa imesimama. Baba alisema ukiimulika kwa tochi huko chini, inafanana na watu walioitwa mkutanoni kisha wakasahauliwa.

Baba alikuwa fundi wa mashine za mkonge. Mkubwa wake, injinia Mzungu, alizamia bwawani kila Jumapili kwa kujifurahisha tu, akamfundisha na yeye. Mashamba yalipotaifishwa, injinia akarudi kwao akimwachia vifaa vyote: mtungi wa hewa, miwani, mapezi ya mpira, mkanda wenye vipande vya risasi wa kumzuia asielee, na kompresa ndogo ya petroli ya kujazia mtungi. Baba akaendelea peke yake, na watu wa kijiji cha Zombo waliopita na baiskeli zao hawakuacha kumtania.

"Umepata samaki, mzee?"

"Sikufuata samaki."

"Umefuata nini basi?"

"Kutazama."

"Wenzako tunalima shamba la ujamaa, ndugu yetu anatazama tope."

"Kesho nitalima na mimi. Leo niacheni nitazame."

Lakini kwenye kuzamia kwenyewe hakuwa na mzaha. Kabla ya kujaza mtungi alichoma nyasi kidogo aone moshi unakoelekea, ili kompresa isimjazie moshi wake yenyewe. Akirudi juu alipanda taratibu kuliko mapovu yake, bila kubana pumzi. Kwenye mtungi kulikuwa na kishikio: hewa ikianza kuwa nzito kifuani, unakishusha, unapata akiba ya kukufikisha juu. Na kwa kuwa hakuwa na mwenzake wa kuzamia naye, alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili ikashikwa na mtu wa ukingoni. Mtu huyo huvuta mara moja kuuliza, wa chini huvuta mara moja kujibu. Asipojibu, anavutwa juu bila kungoja.

Mshika kamba nilikuwa mimi. Nilipopata mimba ya kwanza, kazi ikaenda kwa mume wangu, dereva wa lori, mtu wa Mikumi, mpole kupita kiasi. Kwetu mtu na mkwewe hawaketi hata mkeka mmoja. Siku ya kwanza aliishika kamba kwa vidole viwili.

"Baba, nikuvute kama mbuzi?"

Baba akacheka. Nadhani heshima ile ilimpendeza. "Basi usinivute. Nitakuwa naanza mimi, wewe unajibu."

Wakaugeuza utaratibu hivyo, na Jumapili nyingi zikapita salama.

Jumapili ile nilikuwa ndani na mtoto mchanga, arobaini haijaisha. Ninayoyaandika nimeyapata kwa mume wangu na kwa mlinzi wa pampu ya maji pale bwawani, na maneno yao hayapishani. Baba alizamia asubuhi, jua likiwa wazi. Akavuta, akajibiwa. Akavuta tena, akajibiwa. Kisha kamba ikatulia, na mapovu yakawa yanatoka mahali pamoja tu.

"Mbona mzee hasogei?" mlinzi akauliza.

"Anatazama."

"Mvute."

"Huwa anaanza mwenyewe."

Mapovu yalipokoma, mlinzi aliirukia kamba. Walipovuta wawili, baba alikuja kwa urahisi, tawi lililovunjika limenasa kwenye mikanda ya mtungi mgongoni. Kishikio cha akiba kilikuwa kimeshuka. Huenda tawi lilikishusha mapema, hewa ikamwishia bila onyo. Huenda alikishusha mwenyewe. Hilo sijalijua hadi leo.

Wakati wa matanga mama alisema neno moja, akiwa nyuma ya ukuta, akijua mkwewe yuko upande wa pili. "Angemvuta tu. Heshima angeikuta huku juu."

Baadaye tulihamia Mikumi. Nyuma ya nyumba tulikuwa na kisima, na kila mume wangu alipoteka maji, aliivuta kamba mara moja, akasimama, ndipo akapandisha ndoo. Sikumwuliza. Wakati mwingine niliacha ninalofanya, nikajikuta nangoja pamoja naye.

Yule mtoto wa arobaini alikua, akaolewa. Mwaka ambao kisima kilijaa matope, mumewe akaja kutusaidia kuyazoa. Mume wangu akakataa kijana ashuke. Akajifunga kamba kiunoni mwenyewe, akampa ncha ya pili. Kijana akaipokea kwa vidole viwili, anatabasamu.

"Baba, nikuvute kama mbuzi?"

Hakuna aliyewahi kumsimulia habari za bwawa. Mume wangu akashika ukingo wa kisima.

"Nivute sasa hivi," akasema. "Hapa hapa uani."

"Baba, watu wanatuona."

"Waache waone."

Kijana akavuta kidogo.

"Hujavuta."

Akavuta tena, na tena, mpaka mzee akapepesuka, kofia ikamwanguka vumbini. Jirani mmoja alicheka peke yake, kisha akaacha. Mume wangu akaokota kofia, akanipa, akashuka.

Nilisimama karibu na mdomo wa kisima, kofia mkononi. Chini hapakusikika kitu. Kijana akanitazama, nami nikaitazama kamba. Akavuta mara moja.

Kamba ilikawia, kisha ikajibu.

"Tena," nikamwambia.