Balisafisha endara ya baba yangu na sabuni

Salamu kwenu bakubwa wa hii jukwaa, na ba mama pia. Mimi ni muzee wa Butembo. Ku masomo nilifika mwaka ya pili ya primaire, nikaacha, donc ma faute ya kuandika mutanisamehe. Mais hii niko naandika nilikuwepo mwenyewe, hapana mutu alinihadisia.

Nilianza kwa kusukuma baiskeli ya chumvi kutoka Kasindi. Leo niko na duka ya misumari na mabati. Hapana mutu alinishika mukono.

Baba yangu alikuwa na endara. Kwa benye hawaijue: ni miti ya kuchonga, mirefu na mifupi, haifungwe na kitu. Siku ya ndoa banakata migomba mbili, banailalisha chini, banapanga ile miti juu yake. Batu batano banakaa, banapiga na fimbo.

Kila mutu na mukono wake. Mumoja akikosa, wimbo unatoboka.

Bakimaliza, migomba inatupwa. Miti inarudia mu jiko, juu ya moto wa mama. Inakaa mu moshi miaka na miaka. Moshi njo inakausha sauti, na wadudu hawaiguse.

Harufu ya utoto wangu njo ile: moshi, maharagi, na mugomba yenye imekatwa asubuhi. Baba alikaa upande ya miti mikubwa. Mimi alinipa mitatu tu, ile midogo, akaniambia, "Kasereka, weye hapana kimbia. Ngojea batu."

Vita ilitukuta kule mu kijiji, upande wa Manguredjipa. Baba alikuwa amekwisha kufa. Niliacha kitanda, niliacha mbuzi, nikabeba ile miti ku chukudu, ile baiskeli ya mbao. Bibi yangu, mama ya batoto, alinitukana njia yote mpaka Butembo.

Benye tulikuwa tunapiga nabo, babili balikufa. Mumoja alienda Uganda, simu yake haipite. Donc miti ilibaki juu ya moto kwangu, bila mupigaji.

Sasa kukaja mama mumoja, Kavira. Yeye anachunga bitu bya zamani mu nyumba moja ya utamaduni kule Beni. Alisema kutakuwa formation ya batu ba kazi yake, benye banapangaka maonyesho. Bafundishwe namna ya kukaribisha raia yote, hapana bakubwa ba bureau tu: sisi Banande, bavuvi ba Kyavinyonge, bajeshi na balimu benye balitumwa kutoka mbali. Aliomba endara, na mimi nije siku ya tatu kuieleza.

Nilikubali, akaenda nayo, juu nilijisikia mukubwa. Nasema ukweli.

Nilifika Beni nikakuta miti juu ya meza, ku kitambaa nyeupe, inangaa kama sahani. Kila muti na karatasi yake ya namba.

"Papa, tuliiosha," Kavira akasema, na furaha yote. "Sabuni na brosi, kisha jua siku mbili. Ilikuwa michafu sana."

Nikakamata ule muti mukubwa wa baba, nikaupiga. Ukalia kama ndoo. Nikaunusa. Sabuni.

"Kavira, ule uchafu ulikuwa mama yangu," nikamwambia. "Miaka yake yote ya kupika. Nifungie mu gunia, ninarudi Butembo leo."

Formateur, mutu wa Kinshasa mwenye miwani, akaanza Français yake: communauté, dialogue. Nikamwambia, "Monsieur, communauté ni mimi. Imekasirika. Andika ile."

Batu bakacheka. Yeye pia alicheka, akaweka kalamu chini.

Kavira hakucheka. "Papa, nimekosa, sikuuliza," akasema. "Mbele ya kuibeba, tupigie mara moja tu. Nijue nini nimeharibu."

Bakakata migomba nyuma ya nyumba. Nikakaa ku miti yangu mitatu, nikapiga. Ilikuwa aibu. Kama mutu anajibu mu simu na mwenzake hasikike. Nafasi ya baba ilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Nilikuwa na miaka mingi bila kumulilia baba. Siku ile ilibaki kidogo nimulilie.

Kulikuwa adjudant mumoja wa jeshi, Mukasai, alikuwa analinda mulango. Akasogea.

"Papa, kwetu Kasai tuko na madimba, ni ndugu ya hii. Naweza kukaa pale?"

"Pale hapana mutu anakaa," nikasema. "Na mujeshi, hapana kabisa."

"Sawa, papa. Niliuliza tu, juu inanikumbusha kwetu."

"Miaka ngapi haujafika kwenu?"

"Tisa."

Nikamuonyesha fimbo na kidevu.

Alipiga vibaya. Mwisho wa kila muzunguko alikuwa anatia kipigo kimoja cha zaidi. Nikamwambia, "Weye unapiga kama mutu anapasua kuni."

"Fundisha basi, muzee. Kinywa yako inatumika kupita mikono."

Formation ikasimama. Nikabafundisha mpaka saa ya kula, Kavira ku miti ya katikati. Batu ba soko bakaingia bila kuitwa, ba mama na mabeseni ya samaki ku kichwa. Formateur akasema pale njo alikuwa anataka kufika na makaratasi yake yote.

Gunia ilirudia Butembo mutupu. Tulipatana hivi: miti itundikwe mu jiko ya ile nyumba, kule banapikia balinzi. Na hapana kitu ya mutu itaoshwa mbele ya kumuuliza mwenyewe. Kavira aliiandika mu kitabu ya formation, mbele ya bote. Kila mwezi nafika Beni mara moja, tunapiga.

Sauti ilichukua musimu muzima kurudi.

Adjudant balimuhamisha. Nafasi yake iko na mwalimu mumoja wa jimbo ya Équateur. Nilimufundisha mukono wa baba vile ulikuwa, sawasawa. Mais mwisho wa muzunguko sisi bote tunatia kile kipigo cha zaidi cha Mukasai. Baba angetufukuza. Mimi nakiacha, na nikikisikia naangalia ku mulango.

Nyinyi benye munachunga bitu bya batu, ma diplome yenu ni muzuri, mimi sina hata moja. Mais ulizeni mbele ya kutia maji.

Na mwenye kwao kungali miti ya endara, aandike hapa chini iko wapi: juu ya moto, ao mu gunia?

Adjudant, kama unasoma hii, tungali tunakosa vile ulitukosesha.