Kibanda cha Majani ya Migomba

Majani ya migomba yakinyauka hutoa harufu tamu, nzito. Utotoni, hapa hapa Bwera, tuliezeka nayo kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na watu wote wa sinagogi yetu wakala na kuomba chini yake. Mwaka mmoja jirani mgeni, mama Mkongomani, alidhani ni kibanda cha msiba. Akaja na sufuria ya maharage, analia.

“Pole, mama. Nani amekufa?”

Mama yangu alicheka, akamkumbatia. “Hakuna mutu amekufa. Ni sikukuu yetu. Ingia, ukule.”

Leo nimeyakata majani peke yangu, waombolezaji wapate kivuli. Jirani yule, sasa bibi kizee, ameingia na sufuria yake, anacheka.

“Sikukuu imefika! Mama yako iko wapi?”