Mustang Nyekundu ya Baba Adrian

Waulize wafanyabiashara waliokuwa wakienda na kurudi Guangzhou miaka ile ya mwisho wa tisini: nani alikuwa mtu wa kukuepusha na mzigo mbovu? Watakutajia Didas, Mchaga wa Moshi, mrefu, mbishi, mdomo wake haujui kupaka mtu mafuta. Mpeleke soko la Zhanxi kununua viatu, atavikunja mpaka soli ilie. Mpeleke Shahe kwenye nguo za rahisi, atazigeuza ndani nje mbele ya laoban, mwenye duka, hata bwana yule anune. "Kasoro iseme leo," ndiyo kauli yake, "isije ikakuumbua Kariakoo." Kwa kazi hiyo alikula, akalipa pango, akamsomesha mwanawe Adrian kule nyumbani. Kurudi tu ndiko kulikomshinda. Alikuja kwa mwaka mmoja, lakini mteja akamleta mteja, msimu wa Krismasi ukaunganika na wa Idi, na yeye yuko pale pale.

Na Moshi alikuwa na vitu viwili vya kumnyima raha: mkewe Albina, na gari. Nimeanza na mke, msije mkasema nimemvunjia heshima.

Gari lenyewe lilikuwa Mustang ya Kimarekani ya mwaka sitini na tisa, nyekundu, milango miwili, usukani kushoto, injini ya silinda nane ambayo ikiwaka mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Didas aliinunua ikiwa mzoga kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya kahawa aliyekuwa anafunga virago, akaifufua kwa mikono yake, huku Albina, wakati huo bado mchumba, akimshikia tochi. Ndiyo iliyowapeleka kanisani siku ya ndoa yao. Ikazima njiani! Bibi harusi akashuka na shela lake, akasukuma, akacheka mpaka akakaa chini. Sasa ilikuwa imelala uani chini ya turubai, inaliwa na kutu.

Kila Jumapili mchana Didas alipanga foleni kwenye kibanda cha simu za nje karibu na stesheni ya treni. Albina naye, akitoka misa, alimsubiri dukani kwa jirani, kwa sababu simu ilikuwa huko, juu ya kaunta, katikati ya wanunuzi wa sukari na mafuta ya taa. Haya, niambieni, mke wa mtu ataongea nini na mumewe pale, majirani wote wametega masikio? Watasalimiana. Adrian hajambo. Mvua imenyesha. Halafu Albina atasema, "Baba Adrian, na hili gari je? Kutu inalimaliza. Liuzwe."

"Nitakuja nilitengeneze, Mama Adrian."

"Lini?"

"Msimu huu ukiisha."

Msimu gani huo unaoisha? Albina akazidi kukaza uzi, kila simu gari, gari, gari, mpaka akamkabidhi mfanyabiashara mmoja picha amletee: Mustang imefunuliwa turubai, na yeye mwenyewe amesimama ubavuni na gauni lake la kitenge. Didas aliitia picha ile mfukoni mwa shati. Aliitoa kwenye lifti, aliitoa akingoja wali. Alimtamani mkewe, jamani, hakuna namna nyingine ya kusema. Alimtamani mpaka akilala alijibanza upande mmoja wa kitanda, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Ila yeye akaelewa kwamba mke amechoshwa na gari. Basi akapiga hesabu za ujanja: nitalionyesha kwa mtu mmoja tu, atalikataa, na Jumapili nitasema kwa moyo mweupe kwamba halina mnunuzi.

Mtu huyo akawa Haidar, mnunuzi wa mikoba kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatoka Shiling, kwenye soko la mikoba, kwa gari la kukodi, foleni imewakamata, hakuna la kufanya.

"Sheikh, kuna gari linauzwa," Didas alisema kwa sauti ya mtu asiyeuza kitu.

Haidar aliitazama picha. "Shemeji huyu?"

"Tazama gari."

"Mashaallah. Lina nini?"

"Bovu hilo! Gia ya tatu inaruka, lazima uizuie kwa goti. Sakafu imetoboka, upande wa abiria unaona lami inavyopita. Rejeta inavuja. Springi za nyuma zimechoka. Mlango wa kushoto haufunguki mpaka uunyanyue kidogo, huku unaubembeleza."

Kadiri alivyotaja ubovu ndivyo sauti ilivyozidi kulainika, mpaka akageukia dirishani. Haidar akamtazama.

"Mangi, nimenunua mizigo mingi, wallahi sijasikia mtu akisimulia kutu kwa mapenzi namna hiyo. Nalitaka. Nitalifanya gari la maharusi. Bei?"

Didas akafanya kama wenye maduka wa Zhanxi. Wao wasipotaka kukuuzia hawakwambii hapana. Wanakutupia bei ya kukufukuza. Akataja bei ya kufukuzia, akangoja Haidar acheke. Haidar hakucheka. Aliangalia juu kidogo, akanyoosha mkono.

"Nimekubali. Aliyenionyesha kasoro zote simpunguzii hata senti."

Na mkono wa Didas, kwa mazoea, ulikuwa umeshaupokea. Kwa watu wale mkono ndio mkataba. Ukiurudisha nyuma, kufika jioni mji mzima umekujua.

Jumapili akapiga simu. "Mama Adrian, lile gari limepata mtu."

"Limepata mtu huko huko Uchina?"

"Ndugu yake atakuja na lori wiki hii. Bei nzuri mno. Si ulitaka liuzwe?"

"Nilitaka." Sauti ya Albina ilikuwa chini. "Gari bovu linauzwa na mwenyewe, Baba Adrian. Anasimama uani na mnunuzi, anamfungulia boneti, anamwonyesha. Hapa kwetu ndivyo tunavyouza. Nikajua siku ukikubali kuliuza, utapanda ndege."

Loo! Hilo halikuwa limempitia kichwani hata siku moja. Mtu aliyezoea kukagua soli na mishono atalijulia wapi?

"Ngoja nimwambie Haidar..."

"Umempa mkono?"

"Nimempa."

"Basi lichukuliwe, hatuli matapishi yetu. Lakini mimi nilikuwa na neno hilo moja la kukuitia mbele za watu. Sasa nikuite kwa neno gani?"

Didas akasikia duka lile la Moshi limenyamaza lote. Kisha mkewe akapaza sauti, na hakusema Baba Adrian.

"Didas, nimekukumbuka. Na wasikie! Nimechoka kuishi na turubai. Rudi nyumbani."

"Nimekusikia, Albina."

"Kusikia si kuja," akasema, akakata.

Didas alibaki na mkonga wa simu sikioni, mpaka mama wa kibanda akaja akautoa mkononi mwake.