Mchuzi wa Mgonjwa

Enzi zile za miaka ya hamsini, siye watoto wa Mkunazini homa haikutupeleka kwanza dukani kununua vidonge. Ilitupeleka jikoni. Nikianza tu kukohoa, mama yangu hushika kinu cha shaba, na kwa ule mlio mtaa mzima ukajua kwa Bi Salama kuna mgonjwa. Pilipili manga, kitunguu thomu, tangawizi, manjano mabichi yaliyomwacha na vidole vya rangi, vyote ndani ya mchuzi wa kuku, kisha ndimu. Harufu hupanda ngazi ikatokea dirishani.

Lakini kwetu mgonjwa halishwi peke yake. Mama aliamini mdomo uliokataa chakula hufunguka ukiona mwingine unatafuna. Basi huita dirishani, "Zuwena!"

"Naam!" Shoga yangu huyo, wa nyumba ya pili, alikuwa keshafika mlangoni. "Shikamoo, Bi Salama."

"Marahaba. Kaa hapo ule na mwenzio."

Akikaa mkekani huchovya mkate wa mofa, makamasi yanamtoka, machozi yanamtoka, na haachi! Wivu hunishika, nami nikavuta sahani. Akiona nakula, huninong'oneza, "Wee, usipone kesho. Pona kesho kutwa." Nikipona mapema, hununa mpaka jioni.

Watoto wa siku hizi wakipiga chafya tu wanaiuliza simu. Mjukuu wangu anayesomea udaktari Dar kanambia pilipili manga ina kitu kinachousaidia mwili kuyapokea manjano, ndiyo maana huenda pamoja. Kaniletea na vidonge vya manjano, vya chupa. Nilifurahi, mtoto ananijali. Ila kidonge unakimeza peke yako.

Zuwena alifariki mwaka jana. Mwezi uliopita homa ikanishika hapa Kikwajuni, nyumba nzima mie na redio. Nikatwanga mwenyewe, nikapumzika, nikatwanga tena. Mchuzi ukatoka uleule wa mama, wallahi. Nikatandika mkeka, nikapakua sahani mbili, mkono ushazoea. Ile ya pili nikaitazama mpaka ikapoa. Kisha nikavuta yangu, nikajilazimisha, nikala.

Dawa ikafanya kazi yake. Kesho yake niliamka mzima, na hapakuwa na mtu wa kuninunia.