Siku Nilipogeuza Gitaa Kuwa Udi

Hii aibu yangu wengi mmeisikia vipande vipande, kwa sababu kila nikianza kuisimulia mtu ananikatiza akicheka, na siwalaumu, hata mimi nikiikumbuka naona kama ilimpata mtu mwingine.

Mimi hupiga gitaa kanisani kwetu Baba Dogo. Mwanaisha, ambaye meza yake ya nguo imepakana na yangu soko la Kariobangi, alikuwa anaolewa, na nyanya yake wa Majengo, Bi Rukia, alitaka udi upigwe siku ya kumpaka hina, kama marehemu mumewe alivyokuwa akiupiga. Mpiga udi waliyemtegemea akasafiri. Mwanaisha akanililia pale sokoni, na mimi kabla sijafikiri nikamwambia, "Wachana na hiyo stress, nitawapigia."

"Kwani uko na udi?"

"Nitapata."

(Udi nilikuwa nimeuona kwa simu tu.) Nilichokuwa nacho ni gitaa kuukuu lililolala juu ya kabati, nikaona tofauti si kubwa, udi hauna vile vyuma vya shingoni na nyuzi zake hukaa mbili mbili, basi nikang'oa vyuma kwa playa, mianya nikaiziba na gundi na unga wa mbao, nikatoboa matundu zaidi, nikafunga nyuzi za ziada. Likalia vizuri. Nilikuwa sijakaza nyuzi sana, ndiyo maana, lakini hilo sikuliwaza.

Siku ikafika nikavaa dera na wigi mpya, mtandio juu ya wigi kwa heshima ya watu. Bila vyuma vidole havikujua pa kusimama, nikawa napapasa noti kama mtu anayetafuta swichi stima zikipotea, na wale wanawake wakanitazama kwa upole mwingi, ambao ulikuwa mbaya kuliko kuzomewa. Bi Rukia akaanza kuimba, akanyamaza.

"Mwanangu, pandisha kidogo. Sauti yangu iko juu."

Nikakaza. Akasema bado. Nikakaza tena, nimeliinamia nisikie vizuri, na hapo ndipo kile kibao kinachoshika nyuzi kiling'oka na kipande cha kifua cha gitaa, nyuzi zikaruka zikanasa mtandio, mtandio ukaondoka na wigi, vyote vikatua kwenye sinia ya hina. Nikabaki na matuta yangu ya nywele yaliyozeeka. Mwanaisha, mikono imechorwa haijakauka, hata mdomo hakuweza kuziba.

Wigi haikuniuma. Nilimwona Bi Rukia ameinamisha kichwa, nikajua nimemharibia kumbukumbu ya mumewe.

Akanyoosha mkono. "Hebu lete."

Akaligeuza gitaa, akaligonga mgongoni, akasikiliza. "Marehemu naye nyuzi zikimkatikia alipiga mgongo wa udi. Wimbo haukatiki." Akapiga hivyo, akaimba, wanawake wakapokea kwa makofi, nami nikapiga makofi kichwa wazi mpaka mtu akanirushia leso.

Gitaa lilibaki Majengo, sijauliza linafanya kazi gani. Wigi niliiosha, hina haikutoka. Siku hizi nikiulizwa kama naweza kitu nisichokijua nasema siwezi, naenda harusini, nakaa karibu na pilau kama mgeni yeyote.