Sabufa ya Mnadani

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, kijiji kimoja si mbali na Nduguti, nikamkuta mdogo wangu akipiga muziki kwa spika isiyo na waya hata moja. Anagusa simu, sauti inatoka. Nilicheka, kisha nikakumbuka. Wewe hukuwepo, ndugu yangu, hujui waya mbili, nyekundu na nyeupe, zilivyotugombanisha na jirani.

Ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti. Jirani yetu alijifundisha ufundi mwenyewe, na redio ya mtu ikigoma, aliitwa yeye. Siku moja watu wakiwa mashambani, mwizi aliingia kwake akabeba sabufa yake. Haukupita muda, baba akarudi kutoka mnadani na sabufa iliyokwisha kutumika, kauziwa na mtu asiyemfahamu. Sisi watoto tulishangilia tu.

Jirani akaitwa aiunganishe na redio yetu. Mama alikuwa anasonga ugali wa uwele, mlenda uko pembeni, na moshi wa kuni umejaa hadi sebuleni. Jirani alichomeka pini nyekundu, akachomeka nyeupe, akaunga na betri ya sola. Mdundo ulipotoka mabati yalitetemeka, nasi tukabandika viganja ukutani tuusikie. Yeye hakucheka. Alisikiliza kichwa chini, akilipapasa lile boksi kama mtu anayemkagua mbuzi wake kwenye zizi la mwingine.

"Kaka, naomba tuifungue nione ndani," alisema.

"Unatafuta nini humo?" baba akauliza.

"Yangu panya walitafuna karatasi ya spika. Niliiziba kwa kiraka cha kanga."

"Kwa hiyo mimi ni mwizi."

"Sijasema hivyo."

"Basi iache ilivyo."

Aliondoka bila kula. Kuanzia hapo kila kitu kikawa na macho. Kuku wao akitaga kwetu, mama alituma mayai yarudishwe yangali na joto, yasije yakahesabiwa wizi. Kisimani mke wa jirani alisogeza ndoo yake nikifika. Chumvi tukaanza kuazima mbali. Baba alifungulia sabufa kwa sauti kubwa kuliko zamani, naye jirani akafunga madirisha. Mimi nilimpenda baba, lakini nilikuwa nikimtazama akila na kujiuliza.

Mchana mmoja baba akiwa shambani, mama alimwita mke wa jirani. Alimkalisha kwenye kigoda, akachomoa waya, akafungua skrubu za nyuma kwa ncha ya kisu cha jikoni. Wao wawili na mimi tuliinama. Karatasi ya spika ilikuwa nzima, nyeusi, ina vumbi tu. Hakukuwa na kiraka.

"Si yetu," mke wa jirani alisema, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, mwenzangu."

Mama alikaa chini sakafuni. "Usiniombe msamaha," alisema. "Hata mimi nilikuwa sijui."

Baba aliporudi akakuta boksi wazi, mama alimweleza yote. Hakufoka. Alimtazama tu, akauliza, "Hata wewe?" Mama aliinama kuokota skrubu. Wakati huo sikuelewa kwa nini baba alikwenda kukaa uani peke yake mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake jirani alikuja na bisibisi yake. Baba akampa kiti. Alifunga skrubu, akarudisha waya moja moja, muziki ukalia, akanywa uji akaaga. Hakuna aliyeitaja ile habari, siku ile wala baadaye. Wazee wetu walisema neno likitoka halirudi, lakini hili halikuwa hata limetoka sawasawa.

Nyumba zetu mbili zilizikana na kualikana harusini mpaka mwisho. Ila zamani jirani alikuwa akiingia kwetu moja kwa moja, anafunua chungu, anauliza leo kuna nini. Baada ya sabufa alisimama mlangoni, akabisha hodi, akangoja akaribishwe.