Kuba la Zambarau Lililopanda Mwika

Kabla sijafumbua macho nilisikia kopo likitikiswa chumba cha pili, tupu, kifuniko kikigonga ukingo wake. Kisha sauti ya baba: "Zuhura! Stempu za kaka yako ziko wapi?"

"Nilimpa Mama Felista wa Mwika, alipokuja sokoni. Kanisani kwao wanakusanya stempu zilizotumika, misheni inaziuza Ulaya. Zilikuwa na mihuri, baba. Nilidhani zimekwisha kazi."

Niliruka kitandani. Nilizibandua mwenyewe kwa maji ya vuguvugu kutoka bahasha za mwenye duka la vitambaa: mahekalu, ngome na makaburi ya Bara Hindi. Mojawapo, ya rangi ya zambarau, ilikuwa na kuba la Bijapur. Baba, fundi mwashi, hakuwa na mchoro mwingine. Wazee wa msikiti wa Njoro walikuwa wameiangalia kwa kioo cha kukuzia wakasema, "Tujengee hili." Na kesho alfajiri alikuwa aanze kulipandisha.

Asubuhi ile ile nilidandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua kahawa. Tulipoipita Himo joto likatuacha, migomba ikaikaribia barabara, na maji ya mifereji yakasikika chini ya majani.

"Unafuata nini Mwika, mtoto wa mjini?" akauliza utingo.

"Jengo."

"Basi umekosea gari. Ungepanda la mbao!"

Watu wote wakacheka. Mimi sikuweza.

Adhuhuri nilifika kwa Mama Felista. Alikuwa uani, akigeuza kahawa juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni kaka yake Zuhura, pua ni ile ile. Umefuata stempu? Mfuko wa misheni ulibarikiwa kanisani Jumapili, jana ulishuka stesheni."

Niligeuka kukimbilia stesheni, nikajikwaa kwenye ukingo wa mkeka. Akaniona, akavuta kigoda upesi.

"Keti, usinidondokee kwenye kahawa! Zenu sikuzitia. Niliona ni nyumba za sala za watu. Nikasema, padri azinyunyizie maji ya baraka, na wenyewe hawajaulizwa? Si adabu."

Akaingia ndani akarudi na bahasha. Kuba lilikuwamo, halikukunjika hata pembe. Nilicheka huku machozi yakinitoka, naye akanipa bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi.

"Sikutia nyama. Kula bila wasiwasi."

Jioni, lori likiteremka, mawingu yalifunguka na kilele cha mlima kikabaki cheupe nyuma yetu. Nilikuwa najiona mpenzi wa majengo kwa kuwa nilijua nguzo na madirisha yake. Kumbe hata nyumba ya sala iliyo ndogo kuliko kidole gumba, mtu muungwana huipigia hodi.

Alfajiri baba alitia stempu kwenye mfuko wa kanzu, akachukua timazi na kamba.

"Leteni chai kule juu," alisema. "Na Zuhura asije akagawa nyundo zangu."

Mlango ukafungwa nyuma yake.